Rangi ya Chumba cha Watoto Wadogo

Kila mzazi ajua ya kuwa mtoto wa miaka miwili huijua dunia kwa kinywa chake. Akipatacho hukionja: kijiti, jiwe, upindo wa kanga ya mama yake, ukingo wa meza. Wala haifai kumgombeza, kwa maana ndivyo akili yake ikuavyo. Basi mtu atakaye kupaka rangi chumba cha watoto wa umri huo, au kuwanunulia rangi za kuchezea, asijiulize kwanza kama rangi ile yapendeza macho. Na ajiulize hivi: Je, mtoto akiila itamfanya nini? Maana ataila.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika mji wa Brisbane, katika Queensland, nchi ya Australia, karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, madaktari wa hospitali ya watoto walianza kuletewa watoto wenye maumivu makali ya tumbo, na wengine mikono na miguu imelegea. Daktari A. Jefferis Turner na wenzake walitambua ya kuwa ni sumu ya risasi. Risasi ninayoitaja hapa ni yale madini mazito na laini ambayo wavuvi huyafanya chubwi za nyavu. Lakini risasi iliwafikiaje watoto wadogo, wasiofanya kazi yo yote ya viwandani? Daktari mwingine, John Lockhart Gibson, aliyekuwa mganga wa macho, aliifuata habari hii mpaka nyumbani kwao. Nyumba za huko zilikuwa za mbao, zenye baraza pana, nazo zilipakwa rangi iliyotengenezwa kwa risasi nyeupe. Jua kali liliikausha rangi hata ikawa unga. Mtoto aliyecheza barazani alishika mbao za ukingo, unga ukamshika vidoleni, na vidole vikaenda kinywani. Watafunao kucha na wanyonyao vidole ndio waliopatikana zaidi. Mwaka 1904 Gibson aliandika waziwazi ya kuwa sumu yatoka katika rangi ya baraza na ya kuta za vyumba.

Si wote waliomsadiki upesi. Sheria ya Queensland ya kukataza rangi hiyo mahali mtoto awezapo kufikia ilitoka mwaka 1922, yaani miaka 18 baadaye. Hata hivyo sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika mifupa ya wengi, na baadaye madaktari wa huko waliona vijana na watu wazima wakifa kwa ugonjwa wa figo, ambao katika utoto wao walicheza katika baraza zile.

Nchi nyingine zilikuja polepole. Ufaransa ilifanya sheria juu ya risasi nyeupe mwaka 1909, na mwaka 1921 mataifa yaliyokutana Geneva yalifanya mapatano ya kuizuia katika kazi ya kupaka ndani ya nyumba. Lakini tazama, mapatano hayo yalimhurumia fundi ashikaye brashi. Mtoto arambaye ukuta hakutajwa. Marekani haikukataza rangi za risasi majumbani mpaka mwaka 1978.

Watu watauliza, Kwa nini sumu iliyojulikana hivi iliachwa katika makopo? Ni kwa sababu risasi ni mtumishi mwema wa mpaka rangi. Risasi nyeupe hufunika ukuta vizuri. Risasi iliyochanganywa na kromi hutoa manjano inayong'aa, isiyofifia juani. Risasi nyekundu huzuia kutu ya chuma. Tena kuna dawa za risasi zinazotiwa ili rangi ya mafuta ikauke upesi. Leo kila moja ya kazi hizo ina kitu kingine cha kuifanya. Kwa weupe, titani imeshika mahali pa risasi katika viwanda karibu vyote. Hapana lazima tena. Mwenye kiwanda aitiaye leo aitia kwa sababu ni rahisi kwake, au kwa mazoea tu, na katika nchi nyingi za ulimwengu bado hapana sheria ya kumzuia.

Sasa nieleze mtoto anavyodhurika, kwa kuwa hapa ndipo waalimu wanapohusika sana. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kuwa mtoto mdogo, akimeza risasi, mwili wake huipokea mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Mwili huidhania kuwa chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka akiba humo kwa miaka mingi. Lakini iliyo mbaya zaidi ni ile ifikayo katika ubongo. Haimwangushi mtoto kitandani. Humpunguzia akili kidogo kidogo. Mtoto hawi na homa, hatapiki, ila husahau upesi, hatulii, hukasirika bila sababu, herufi alizofunzwa jana hazijui leo. Mwalimu humwita mvivu. Pengine humpiga. Na kumbe sumu yatoka katika dirisha ambalo mwalimu mwenyewe amemketisha chini yake. Sisemi kila mtoto mzito wa kujifunza amekula rangi, la. Walakini kipimo cha damu peke yake ndicho kiwezacho kuonyesha, na akili iliyopotea hivi hairudishwi kwa dawa. Dawa zipo za kuitoa risasi katika damu ya aliyezidiwa, lakini ubongo uliokwisha kuharibika hauponi kwazo. Tena hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakidhuru.

Basi ukienda dukani, kwanza ujue ya kuwa rangi ya mafuta, ile ing'aayo, ndiyo ya kuogopwa kuliko rangi ya maji. Na katika rangi za mafuta, manjano, nyekundu, machungwa na kijani ndizo zilizopatikana mara nyingi kuwa na risasi nyingi. Kwa bahati mbaya hizo ndizo tunazozichagua kwa watoto! Bembea huwa nyekundu, viti manjano, mlango kijani. Afadhali ukuta mweupe wa rangi ya maji, na furaha ya watoto itoke katika picha zilizotundikwa.

Kipimo kinachokubaliwa sasa ni hiki: rangi iliyokauka isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 katika sehemu 1,000,000, yaani miligramu 90 katika kilo nzima. Marekani yafuata kipimo hiki tangu mwaka 2009, nako Kenya na Tanzania mashirika ya viwango yamekiweka vile vile. Kwa hiyo tafuta alama ya shirika la viwango juu ya kopo, na maneno yasemayo wazi ya kuwa hamna risasi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, au rangi iliyomiminwa kutoka kopo kubwa katika chupa ya soda, usiinunue kwa chumba cha watoto, hata ukipunguziwa bei nusu. Wala usikubali fundi akuletee mabaki ya rangi ya barabarani au ya malori. Rangi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya nyumba.

Hapa pwani tunayo chokaa, nami naisifu. Ukuta uliopakwa chokaa safi hauna risasi, hupumua, nayo ni rahisi kuirudia kila mwaka. Ila ikiwa mbichi huchoma macho na ngozi. Ipakwe wakati wa likizo, watoto wasiingie mpaka imekauka kabisa. Tena huacha unga mweupe mgongoni mwa mtoto aegemeaye, na mama zao watanung'unika. Kunung'unika huko tutakustahimili.

Kuna hatari moja ambayo wenye bidii ndio huiingia. Kamati yasema, Tufanye upya darasa letu. Fundi aja na msasa, akwangua rangi kuukuu ya madirisha, vumbi lajaa chumbani, na Jumatatu watoto waketi juu yake. Rangi ya zamani iliyoshikamana vizuri haidhuru kama hiyo iliyokwanguliwa. Ikiwa nyumba ni ya zamani, usikwangue pakavu wala usichome rangi kwa moto, maana moshi wake ni sumu. Rangi iliyo nzima ipakwe nyingine juu yake. Iliyobanduka magamba iloweshwe kwa maji, itolewe kwa upole, turubai limetandikwa chini, watoto wakiwa mbali. Kisha sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni, isifagiliwe. Magamba yafungwe na kutupwa, yasizikwe bustanini penye mchicha. Na mahali ambapo dirisha husuguana na fremu yake, pafutwe kwa kitambaa kibichi kila juma, kwa maana pale rangi hugeuka vumbi kila lifunguliwapo.

Zimebaki rangi za kuchorea. (Kalamu ya risasi isiwatie hofu, ina jina tu, ndani yake ni grafiti na udongo wa mfinyanzi.) Katika rangi za dukani, zile za Ulaya zenye alama EN 71 zimepimwa kwa kawaida za vitu vya kuchezea vya watoto, na rangi za vidole za namna hiyo hutiwa uchungu makusudi ili mtoto ateme. Za Marekani hutiwa muhuri wenye herufi AP. Zenye herufi CL si za watoto. Rangi za unga mkavu mwalimu azichanganye na maji kabla watoto hawajaja, vumbi lake lisivutwe puani.

Lakini kwa mtoto wa miaka miwili hakuna ipitayo ya jikoni. Pika uji mzito wa unga wa mhogo na chumvi kidogo, uupoze, uugawe katika vikombe. Choya hutoa wekundu, mchicha uliotwangwa hutoa kijani, bizari hutoa manjano. Ila bizari hiyo uitwange mwenyewe kutoka katika mizizi. Katika Bangladesh wafanya biashara walikuwa wakiitia ile manjano ya risasi na kromi ili ing'ae; mwaka 1919 ulipopita miaka mia, yaani 2019, wachunguzi waliipata katika sehemu 47 kwa 100 za bizari za sokoni, na serikali ilipowabana, kufika mwaka 2021 haikupatikana tena. Uji huu hukaa siku moja, au mbili mahali pa baridi. Ukianza kunuka utupwe, na watoto wanawe mikono kabla ya kula chakula chao.