Sauti ya Mashine na Sarufi ya Kiswahili: Kuhusu Vyombo vya Kusomea vya Wanafunzi Wasioona

Makala haya yanakusudia kueleza namna programu za kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti zinavyowafaa wanafunzi wasioona, na kuonyesha kwamba ubora wake katika Kiswahili unawategemea wanaisimu kama unavyowategemea mafundi.

Suala hili si geni kwa wakazi wa Mumbuni, kwani mji wao wa Machakos una chuo cha ufundi cha wasioona. Kwa miaka mingi chombo kikuu cha msomaji asiyeona kilikuwa breli, yaani maandishi ya nukta sita yanayopapaswa kwa vidole. Breli haijapitwa na wakati, kwa kuwa humpa msomaji tahajia moja kwa moja. Lakini vitabu vyake ni vinene, na kuvichapa ni ghali. Ndiyo maana programu kama NVDA, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo hutolewa bila malipo, imekuwa na manufaa makubwa.

Programu ya aina hii huzitwaa herufi zilizo kwenye skrini, huzigeuza kuwa fonimu kwa kufuata kanuni za lugha fulani, kisha huzitamka. Kanuni hizo zikiwa za Kiingereza, maneno kama *wake*, *pale*, *mate* na *kale* hutamkwa kwa silabi moja moja, na maana hupotea. Kanuni za Kiswahili zipo: eSpeak NG, ambayo ni sauti inayotumiwa na NVDA, inaifahamu lugha yetu. Na kwa kuwa tahajia yetu hulingana kwa karibu na matamshi, sehemu kubwa ya kazi ni nyepesi. Ugumu umo katika yale ambayo maandishi huyaficha. Hapa tutataja matatu.

La kwanza ni mkazo. Kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika *barabara* yenye maana ya njia kuu. Lakini *barabara* yenye maana ya sawasawa huwekewa mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho. La pili ni nazali. *Mbuni* aliye ndege ana silabi mbili. *Mbuni* ulio mti wa kahawa una silabi tatu, kwani *m* yake ni silabi kamili. Katika mifano yote miwili muktadha pekee ndio huamua.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni tarakimu. Mwenye macho aonapo "vitabu 2", "watu 2" na "siku 2", husoma *viwili*, *wawili* na *mbili* bila kufikiri. Programu isiyojua ngeli itasoma *vitabu mbili*. Hili ndilo kosa lile lile ambalo mwalimu hulikata kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi anayejifunza kwa masikio atalisikia mara elfu kutoka kwa chombo anachokiamini, kisha aadhibiwe katika mtihani kwa kulirudia. Ilhali kanuni yenyewe ni fupi: moja hadi tano, pamoja na nane, hupatana na nomino, sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze breli na teknolojia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Hata hivyo Katiba haiandiki kanuni za upatanisho wa kisarufi. Hiyo ni kazi ya idara zetu: kuorodhesha maneno yasiyofuata mkazo wa kawaida, kufafanua usomaji wa tarakimu na vifupisho kama *n.k.* na *k.m.*, na kuyapima matokeo pamoja na wasikilizaji wasioona wenyewe. Maarifa yote hayo tayari tunayafundisha madarasani. Kilichobaki ni kuyaandika kwa ukamilifu unaohitajiwa na mashine, ambayo haiwezi kukisia kile tulichokiacha.