Kwa Nini Samaki wa Bonde Moja Hawapatikani Bonde Jingine?

Swali la mtawanyiko wa samaki wa maji baridi huwapotezea alama watahiniwa wengi. Akiulizwa kwa nini spishi fulani ipo katika mto mmoja na haipo katika mwingine, mtahiniwa hujibu, "Ni kwa sababu ya hali ya hewa." Jibu hilo halitoshi. Mito miwili inaweza kupata mvua ileile na joto lilelile, lakini samaki wake wakawa tofauti. Sababu ya msingi ni kwamba samaki husafiri ndani ya maji tu. Kwa hiyo mpaka wa bonde ndio mpaka wa samaki walio wengi.

1. Maana ya bonde la mto

Bonde la mto ni eneo lote ambalo maji ya mvua hukusanyika na kuelekea mto au ziwa moja. Bonde moja hutenganishwa na jingine na mwinuko unaogawa maji. Tanzania Bara ina mabonde makuu 9. Maji ya Ziwa Victoria huenda Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Maji ya Ziwa Tanganyika huingia Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Mito ya Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma huingia Bahari ya Hindi. Bonde la Kati na Bonde la Ziwa Rukwa hayana njia ya kutoka kwenda baharini.

2. Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Mtahiniwa wa Kimali au Bariadi ana mfano mzuri karibu naye. Mto Simiyu hutiririka kuelekea magharibi na kuingia Ziwa Victoria. Lakini kusini mwa Wilaya ya Meatu kuna Mto Sibiti, unaotoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi, ambako huishia. Hivyo mkoa mmoja una maji ya mabonde mawili.

Ningu, samaki anayepanda mito wakati wa mvua ili kuzaliana, ni wa Bonde la Ziwa Victoria. Upande wa Eyasi, Kitangiri na Manyara kuna aina ya perege anayestahimili chumvi, kwa jina la kitaalamu *Oreochromis amphimelas*. Perege huyo hapatikani nje ya Tanzania. Kambale, kwa upande wake, yupo pande zote mbili.

3. Mambo yanayoamua mtawanyiko

(a) *Vizuizi.* Sangara aliishi tangu zamani katika Ziwa Albert, lililopo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini hakufika Ziwa Victoria kwa nguvu zake mwenyewe, ingawa maziwa yote mawili yapo kwenye Nile. Maporomoko ya Murchison yalimzuia.

(b) *Umri na kina cha maji.* Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha takribani mita 1,470. Samaki wake wamepata muda mrefu wa kubadilika wakiwa peke yao, ndiyo maana wengi hawapatikani kwingineko.

(c) *Kemikali zilizomo katika maji.* Maji ya Ziwa Natron yana magadi makali. Wanaoweza kuishi humo ni perege wadogo waliozoea chemchemi za moto zilizo kando ya ziwa.

(d) *Uwezo wa samaki.* Mito mingi ya Simiyu hukauka kiangazi. Kambale hupumua hewa na anaweza kujiburuta kwenye ardhi yenye unyevu, kwa hiyo ameenea mabonde mengi. Kamongo ana mapafu na hujifukia kwenye tope hadi mvua irudi.

(e) *Historia ya mto.* Mto Malagarasi una samaki wanaofanana na wa Mto Kongo, ilhali baadhi yao hawamo katika Ziwa Tanganyika lililopo katikati. Wataalamu hueleza kwamba zamani mto huo ulielekea Kongo kabla ya Bonde la Ufa kufanya ziwa hilo.

4. Binadamu anapovusha samaki

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara na sato walipandikizwa katika Ziwa Victoria. Faida ilikuwepo: viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni. Hasara nayo ilikuwa kubwa. Ziwa lilikuwa na takribani spishi 500 za furu, na nyingi zilitoweka baada ya sangara kuongezeka katika miaka ya 1980. Ngege wa asili naye alipungua sana kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi na ushindani wa sato.

Hatari hiyo haijaisha. Mtu akichimba bwawa upande wa Sibiti na kuleta vifaranga wa sato, mafuriko yanaweza kuwaingiza mtoni, na perege wa asili akapata mshindani. Samaki aliyetoweka katika bonde lake la pekee hana kwingine pa kutolewa ili arudishwe.

5. Tahadhari ya mtihani

Usidanganywe na jina. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma si spishi moja, wala si familia moja. Kila hoja iwe na sehemu tatu: taja sababu, eleza inavyofanya kazi, kisha toa mfano wenye jina la mto au ziwa.

Zoezi

1. Eleza kwa nini sangara hakufika Ziwa Victoria bila kuletwa na binadamu. (alama 3)
2. Kambale ameenea kuliko ningu. Toa sababu mbili. (alama 4)
3. "Kupandikiza samaki wageni kuna faida na hasara." Jadili kwa kutumia mfano wa Ziwa Victoria. (alama 8)