Mtoi Hageuki Ukimwita? Hivi Ndivyo Utajua Kama Anasikia, Kabla Muda Haujayoyoma

Cheki hii. Ni Jumamosi jioni Mkomani. Tuktuk zinapiga honi, mwadhini anaadhini, jirani amefungulia spika mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Mtoi wa sistako amelala fofofo juu ya mkeka. Watu wanacheka: “Huyu ni mtoto wa Mombasa bana, kelele hazimtishi!”

Inaweza kuwa kweli. Watoi wakizoea kelele, wanalala tu. Lakini inaweza pia kuwa hajaisikia hata moja. Na kwa kumwangalia tu, wewe, mamake na hata daktari hamwezi kujua ni ipi.

Hiyo ndiyo noma ya uziwi kwa watoto wachanga: hauonekani. Mtoi asiyesikia analia kama wengine, anacheka ukimchekea, anakufuata kwa macho. Hata zile sauti za “aaa” na “guu” za miezi ya kwanza anazitoa. Ndiyo maana familia nyingi hushtuka mtoi akiwa na miaka miwili au mitatu na haongei. Na hata hapo kuna nyanya atasema, “Muachieni, ataongea tu, babake pia alichelewa.”

Usingoje. Hii stori inakuhusu hata kama hujazaa, juu wewe ndiye anko, ndiye anti, ndiye unayeshinda na huyo mtoi mamake akienda kazini.

Mbona haraka hivyo?

Ubongo wa mtoi haukai ukingoja. Miaka ya kwanza ndiyo unashika lugha kwa kasi ambayo hautairudia tena maishani. Asipopata lugha yoyote wakati huo, ya kusikia au ya ishara, anaanza shule akiwa nyuma, na hilo pengo kuliziba baadaye ni kazi ngumu.

Wataalamu wana kanuni rahisi ya kukumbuka: 1, 3, 6. Mtoi apimwe masikio kabla ya kumaliza mwezi 1. Akionekana ana shida, ijulikane kwa uhakika kabla ya miezi 3. Asaidiwe kabla ya miezi 6. Utafiti uliofanywa kule Colorado, Marekani, na kuchapishwa 1998 ulionyesha kwamba watoto waliotambuliwa kabla ya miezi 6 walikuwa mbele sana kilugha kuliko waliotambuliwa baadaye.

Kwetu hapa mtoi wengi huzaliwa, hupimwa uzito, hudungwa chanjo na kupelekwa nyumbani bila masikio kuguswa na mashine. Kwa hivyo kazi ya kuuliza inabaki kwako.

Mtihani wa makofi ni feki

Kila mtu ameufanya. Unasimama nyuma ya mtoi, unapiga makofi, paa! Mtoi anageuka. Mnasema, “Si unaona, yuko fiti.”

Pole. Huo mtihani una mashimo mawili makubwa.

La kwanza, mtoi asiyesikia ni mjanja wa macho na ngozi. Ameona kivuli chako. Amehisi upepo wa mikono shingoni. Amehisi sakafu ikitetemeka ulipokanyaga. Au ameona uso wa mamake ukikuangalia, akageuka kutafuta mamake anaangalia nini.

La pili, sauti haziko sawa. Kuna nzito na kuna nyembamba. Mtoi anaweza kupoteza nyembamba pekee na abaki na nzito. Huyo atageuka mlango ukibamizwa, atacheza ngoma ikipigwa, na hata ile kengele ya Freretown iliyoipa Kengeleni jina lake angeisikia. Lakini “s”, “f”, “sh” na “t” zinampita. Ukimwambia “sasa shika kiti”, yeye anapata vipande vipande. Halafu mnasema ni mkaidi.

Angalia umri wake

Badala ya makofi, jua mtoi anafaa kufanya nini kwa umri gani.

*Kuzaliwa hadi miezi 3:* Kelele ya ghafla inamfanya ashtuke, apepese macho au aache kunyonya kidogo. Anatulia akisikia sauti ya mamake hata kabla hajamwona.

*Miezi 4 hadi 6:* Anaanza kutafuta sauti, kwanza kwa macho kisha kwa kichwa. Ukimwongelesha anakujibu kwa sauti zake.

*Miezi 7 hadi 9:* Anageukia hata sauti ndogo iliyo pembeni. Anaanza “bababa”, “dadada”, “mamama”. Hapa kaa rada sana. Kwa mtoi asiyesikia hizi silabi huchelewa mno, au zile sauti alizokuwa nazo mwanzo huanza kupungua.

*Miezi 10 hadi 12:* Anajua jina lake. Anaelewa “njoo” na “hapana” bila wewe kutumia mkono.

*Mwaka 1 na nusu:* Ana maneno yake machache. Ukimuuliza “kiatu kiko wapi?” bila kukiangalia wala kukinyooshea kidole, anakitafuta.

*Miaka 2:* Anaunganisha maneno mawili, kama “mama njoo” au “taka maji”.

Akikosa hatua moja, usianze kulia. Watoto hutofautiana. Lakini mpeleke akapimwe. Na mzazi akisema “nahisi huyu hanisikii”, muamini. Mara nyingi mama ndiye hujua kwanza.

Mtihani wa watu wawili

Kabla ya mashine kuenea, kulikuwa na njia ya kupima watoto wa miezi kama 7 hadi 9. Ilitolewa Manchester, Uingereza, miaka ya 1940 na Irene na Alexander Ewing, mke na mume waliofundisha walimu wa viziwi. Inaonyesha vizuri kupima kwa akili kunavyofanana.

Mtoi anakaa kwa mapaja ya mamake, chumba kimetulia, redio imezimwa. Mtu wa kwanza anakaa mbele na kidude kidogo cha kuvuta macho yake. Kisha anakificha, mtoi anabaki ametulia. Hapo ndipo mtu wa pili, aliye nyuma kidogo na pembeni, kama mita moja, anatoa sauti ndogo usawa wa sikio: “sss” ya chini, au “uuu” ya kuguna. Hapigi kelele. Hajapaka manukato makali. Kivuli chake hakionekani, na hakuna kioo wala runinga mbele ya kumchoma. Mama naye haruhusiwi kugeuka wala kushtuka.

Mtoi anayesikia anageuka moja kwa moja hadi kwenye sauti. Unapima upande wa kulia na wa kushoto. Na mara nyingine mtu wa pili haachilii sauti yoyote, kusudi mjue kama mtoi anageuka tu kwa mazoea. Hiyo ndiyo siri ya mtihani wa haki: lazima kuwe na nafasi ya yeye kukosea.

Lakini usiugeuze kuwa cheti. Uingereza yenyewe iliuacha kama kipimo cha watoto wote na kuhamia mashine zinazopima watoto wachanga, juu njia hii ilikuwa inawaacha wengi wenye shida na kuwatisha wengine walio sawa. Mtoi mwenye sikio moja tu linalosikia anaweza kupita. Kwa hivyo akifeli, nenda hosi. Akipita na bado una wasiwasi, nenda hosi.

Mashine zinafanya nini?

Kuna mbili kuu za wachanga, na zote hazina uchungu.

Ya kwanza inasikiliza mwangwi wa sikio. Ndiyo, sikio lenyewe hutoa sauti! Mwanasayansi David Kemp aligundua hili London mwaka 1978. Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, chenye seli ndogo zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, seli zilizo hai hutetemeka na kurudisha mwangwi mdogo sana. Nesi anaweka kijiti laini sikioni mwa mtoi aliyelala, mashine inatoa milio midogo, kisha inasikiliza kama kuna mwangwi. Dakika chache tu, kama mtoi ametulia.

Ya pili inaangalia mshipa na ubongo. Vibandiko vidogo vinawekwa kichwani, sauti inachezwa, na mashine inaona kama umeme wa mshipa umeipeleka hadi juu. Hii ni muhimu kwa watoto waliolazwa chumba cha wachanga mahututi, juu kuna hali ambayo mwangwi upo lakini mshipa haufikishi ujumbe.

Kufeli mara ya kwanza sio hukumu. Mtoi wa siku moja anaweza kuwa na maji au uchafu wa kuzaliwa sikioni. Anarudiwa. Kosa ni kutorudi.

Watoto wakubwa kidogo hupimwa kwa mchezo. Kuanzia karibu miezi 6, sauti inatoka kwa spika, na mtoi akigeuka anazawadiwa kwa kidoli kinachowaka taa. Kuanzia karibu miaka 3 anapewa vipande vya mbao: kila ukisikia mlio, tia kimoja kwa ndoo. Yeye anadhani anacheza, kumbe anachora ramani ya masikio yake.

Nani apelekwe bila kungoja dalili?

Mpeleke mapema kama alizaliwa njiti au mdogo sana, hakulia alipozaliwa, aligeuka manjano kupita kiasi, alipewa dawa kama gentamicin kwa muda, au kuna kiziwi wa kuzaliwa kwa familia. Pia kama mamake aliugua rubella akiwa na mimba. Na mtoi yeyote aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe mara moja, hata kama alizaliwa akisikia vizuri.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Kwa hivyo ile chanjo ya surua na rubella ya miezi 9 na miezi 18 usiiruke. Ile ya nimonia, iliyoingia Kenya 2011, nayo hupunguza homa ya uti wa mgongo inayoharibu masikio.

Na sikio likitoa usaha, usitie mafuta, maji ya kitunguu wala maziwa ya mama. Usaha unaorudi rudi unatoboa ngoma ya sikio na kula usikivu polepole. Peleka kliniki.

Uende wapi ukiwa Mkomani?

Anzia kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu na wewe. Beba kile kijitabu cha kliniki, kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Sema wazi: “Nataka mtoto apimwe kusikia, nahitaji rufaa.” Ukivuka daraja la Nyali, hospitali kuu ya Coast General, ile wazee wanaita Makadara, ina idara ya masikio, pua na koo. Uliza siku za kliniki na bei kabla hujapanda matatu.

Mlango wa pili ni elimu. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinaitwa EARC, chini ya Wizara ya Elimu. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lako kituo kiko wapi.

Na akipatikana hasikii?

Maisha hayajaisha. Kama ni maji nyuma ya ngoma ya sikio, yanatibika. Kama ni seli za ndani, mtoi wa miezi michache anaweza kuvaa kifaa cha kusikia, ila jua kipande cha sikioni kitabadilishwa kadri anavyokua. Kwa wengine kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani, ambao hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuufanya 2017. Gharama yake si mchezo.

Lakini kitu ambacho hakihitaji betri ni lugha ya ishara. Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Kuna Shule ya Viziwi ya Ziwani hapo kisiwani, na Kibarani kule Kilifi. Anza ishara leo, mtoi akiwa bado mkononi, na ujifunze nyumba nzima: baba, nyanya, wewe pia. Mtoi akijua ishara peke yake, ataongea na nani?

Unasaka kozi? Sikia hii

KMTC Nairobi inafunza maafisa wa kliniki masomo ya juu ya masikio, pua na koo, na pia ya upimaji wa kusikia. Ukipenda upande wa ualimu, KISE ya Kasarani imefunza walimu wa elimu maalum tangu 1986. Wataalamu hawa ni wachache nchini, na watoto wanazaliwa kila siku.

Sasa fungua simu, tafuta namba ya yule ana mtoi mchanga, muulize swali moja tu: “Ameshapimwa masikio?” Akisema bado, mtumie hii.