Kiswahili cha kusaga kioo cha darubini

KUNA dai linalorudiwa mara kwa mara, hata na wasomi, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea sayansi. Leo hebu tulipime dai hilo kwa kazi moja ngumu: jinsi watu wasiokuwa wanaanga wa kitaaluma wanavyojiundia darubini kubwa nyumbani.

Tuanze na jina. Darubini ni neno lenye asili ya Kiajemi: ‘dur’ ni mbali, ‘bin’ ni kuona. Wengi wetu hukiita darubini hata chombo cha kutazamia viini, ilhali hicho ni hadubini.

Darubini ninayoizungumzia hukusanya mwanga kwa kioo mbonyeo, yaani kilichobonyea katikati mithili ya kisahani. Mwanga wa nyota hukigonga, ukaakisiwa na kukutana mahali pamoja paitwapo fokasi. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, mwanga unaokusanywa huongezeka mara nne. Kioo cha mita moja hukusanya mwanga takriban mara 20,000 ya ule unaoingia jichoni gizani. Ndiyo maana mafundi hawa hawatosheki na kioo kidogo.

Je, husagwaje? Fundi huweka vipande viwili vya kioo vya mviringo, kimoja juu ya kingine, katikati akatia maji na unga mkali kama ule wa msasa. Kisha husugua mbele na nyuma huku akizungusha. Cha juu hubonyea, cha chini hubinuka. Unga hubadilishwa, kila mara ukiwa laini zaidi, na mwishowe kioo hung’arishwa kwa kifaa kilichopakwa lami. Kosa lisizidi takriban sehemu moja ya 10,000 ya milimita! Hupimwa kwa taa na wembe tu, mbinu aliyoibuni Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858. Kioo kikiwa kizito mno kusukumwa, hulazwa chini, kisagio kikapita juu yake.

Zamani vioo hivyo vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati. William Herschel, mwanamuziki wa mjini Bath, Uingereza, aligundua sayari ya Uranus mwaka 1781 kwa darubini aliyojiundia. Mwaka uo huo alijaribu kusubu kioo kikubwa zaidi nyumbani kwake. Metali iliyoyeyuka ikavuja, mawe ya sakafu yakapasuka, watu wakatoka mbio. Dada yake, Caroline, ndiye aliyetwanga samadi ya farasi ya kufinyangia kalibu, na ndiye aliyemlisha nduguye tonge baada ya tonge mikono ikiwa kazini.

Huko Birr, Ireland, bwanyenye William Parsons alikamilisha mwaka 1845 darubini yenye kioo cha mita 1.8. Hakuna iliyoizidi ukubwa hadi 1917. Karne ya 20, mtawa John Dobson wa San Francisco, Marekani, alitumia vioo vya madirisha ya meli na kiegemeo sahili cha mbao, akaziweka darubini zake kando ya barabara ili wapita njia wachungulie. Kiegemeo hicho ndicho kilichowawezesha watu wa kawaida kuunda darubini kubwa bila gharama kubwa.

Sasa tazama maneno tuliyoyatumia: kusaga, kusugua, kutwanga, kung’arisha, kusubu, kalibu. Hayakubuniwa na kamati yoyote. Yapo jikoni, kwa mhunzi na kwa sonara. Ila ‘kusubu’ na ‘kalibu’ yamelala kamusini huku sisi tukisema ati ‘kukasti’. Tulipopungukiwa, kama kwa ‘fokasi’, tulikopa bila haya, na lugha zote hukopa.

Basi upungufu si wa Kiswahili. Ni wetu sisi tunaomkaririsha mwanafunzi ‘kioo mbonyeo’ bila kumwonyesha sufuria iliyobonyea.