Umbo la "-ing" la Kiingereza na Kiambishi "-ki-" cha Kiswahili: Suala la Mtenda

Makala haya yanafafanua matumizi ya umbo la kitenzi cha Kiingereza lenye kiambishi tamati "-ing" kwa kulilinganisha na miundo ya Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali katika Kata ya Mbebe, Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, husoma kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Kwake, kosa la sarufi huweza kupotosha hata jibu la jiografia au biolojia.

Umbo hili moja hutafsiriwa kwa miundo tofauti kulingana na uamilifu wake. Katika "She is selling maize", huonesha tendo linaloendelea: "Anauza mahindi". Katika "The woman selling maize is a farmer", hufafanua nomino, nayo tafsiri huhitaji kishazi rejeshi: "Mwanamke anayeuza mahindi ni mkulima". Katika "I saw her selling maize", hulingana na "-ki-": "Nilimwona akiuza mahindi". Lakini katika "Selling maize needs patience", hutumika kama nomino, sawa na kitenzi-jina: "Kuuza mahindi kunahitaji subira".

Ulinganifu wa "-ing" na "-ki-" ndio unaozaa mkanganyiko, kwa sababu mbili. Kwanza, kitenzi chenye "-ki-" hubeba kiambishi cha nafsi, ilhali umbo la "-ing" halina alama hiyo. "Nikiwa natembea kwenda shuleni, mvua ilianza kunyesha" ni sentensi sahihi, kwani "ni-" humtaja mtembeaji. Mwanafunzi akiandika "Walking to school, rain began to fall", kanuni ya Kiingereza humfanya mtembeaji kuwa mvua, kwa kuwa mtenda wa kirai cha mwanzo huchukuliwa kuwa kiima cha kishazi kikuu. Usahihi ni "As I was walking to school, rain began to fall". Kinyume chake, "Waiting at Tunduma, the driver fell asleep" ni sahihi: aliyesubiri ndiye aliyelala.

Pili, "-ki-" huonesha pia sharti. "Akifika, nitamwambia" haiwezi kuwa "Arriving, I will tell him", kwani hapo anayefika huwa msemaji mwenyewe. Kiingereza huhitaji kiunganishi na mtenda: "If he arrives, I will tell him".

Hivyo basi, kumfundisha mwanafunzi kwamba "-ing" ni "-na-" au "-ki-" hakutoshi. Kabla ya kuchagua umbo, aulizwe maswali mawili: ni nani anayetenda, na je, huyo ndiye kiima cha kishazi kikuu? Kiswahili hujibu swali la kwanza ndani ya kitenzi. Katika Kiingereza, mwandishi hulijibu kwa mpangilio wa sentensi.