Folda Isiyoonyesha Faili Jipya

Chang'ombe ni kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Huko, kama katika sehemu nyingine za mji ule, wako makarani wa steshenari ambao kazi yao ni kuwaandikia watu barua kwa kompyuta, kupiga chapa na kutoa nakala. Mtu huja na vyeti vyake. Karani huvipitisha katika skana, na sura ya kila cheti huingia katika kompyuta ikawa faili. Kisha karani hufungua folda, akalichagua faili lile, akalipeleka linakotakiwa.

Basi hutokea siku moja kwamba skana imekwisha kufanya kazi yake, nalo faili halionekani. Karani hutazama dirisha la folda. Mafaili ya jana yamo, la leo halimo. Mwenye cheti amesimama mbele yake, na maombi yake ya kazi yanafungwa saa kumi. Karani hupitisha cheti mara ya pili, hata mara ya tatu, wala haoni kitu. Mwisho, kwa haraka, hulichukua faili la chini kabisa akidhani ndilo, akalituma; kumbe ni cheti cha mtu mwingine aliyekuja jana. Mashine haikuharibu kitu. Mafaili yote matatu yamo ndani salama. Lililokosea ni dirisha, na karani aliyeliamini mno.

Maana dirisha la folda si folda yenyewe. Ni orodha tu iliyosomwa wakati dirisha lilipofunguliwa. Mfano wake ni mzee wa Kigogo mwenye ng'ombe wengi, aketiye ndani ya tembe lake. Hesabu ya mifugo anayo kichwani, wala hatoki kila dakika kwenda kuhesabu upya. Amemweka mchungaji amletee habari, kwamba ndama amezaliwa au mbuzi amepotea. Mchungaji akisahau kusema, mzee atataja hesabu ya zamani kwa uhakika wote, na huku ndama yumo zizini ananyonya.

Katika kompyuta zenye Windows, programu inayoonyesha folda huitwa Explorer, nayo ndiyo mzee. Haiisomi diski daima, maana hivyo ingeichosha mashine bure. Huuomba mfumo wa kompyuta uiletee habari kila faili linapoongezwa, linapofutwa au linapobadilishwa jina. Habari hizo hungoja katika nafasi ndogo ya kumbukumbu mpaka programu izichukue. Mafaili maelfu yakiingia kwa pamoja, nafasi ile hujaa, na habari zilizokuwamo hupotea. Mfumo huweza kusema neno moja tu: mambo yamebadilika, nenda ukahesabu mwenyewe. Programu iliyo hodari huenda ikahesabu. Iliyozubaa hubaki na orodha kuukuu, hata faili lililokwisha kufutwa likaendelea kuonekana kama kwamba lipo.

Tena kuna folda zilizo katika kompyuta nyingine, zinazofikiwa kwa mtandao wa ofisi. Hao ni ng'ombe wa zizi la mbali, na habari zao huchelewa. Windows yenyewe, isipobadilishwa mipango yake, huweza kuishika orodha ya folda ya mbali kwa muda wa sekunde 10 kabla ya kuuliza tena, na faili lililokosekana huweza kuhesabiwa kuwa halipo kwa sekunde 5. Kuchelewa kwa kadiri hiyo si ugonjwa. Katika kompyuta za Linux, mlinzi wa folda aitwaye inotify, aliyeingizwa mwaka 2005, hutoa habari za yale tu yanayofanywa kupitia kompyuta ile ile. Faili likiwekwa na kompyuta nyingine katika folda ya mbali, yeye hana habari. Hapo hakuna dawa ila kusoma upya.

Kusoma upya ni kazi ya kitufe cha F5, kilicho katika safu ya juu ya kibodi. Karani hubonyeza mahali patupu ndani ya dirisha, kisha F5, na Explorer hulazimika kwenda zizini. Atazame pia mwisho wa orodha, kwa kuwa faili jipya pengine huwekwa huko bila kufuata alfabeti mpaka orodha isomwe tena.

F5 isipofaa, yataka ushahidi wa mtu wa pili. Katika upau wa juu, penye jina la folda, huandikwa cmd, kisha Enter. Dirisha jeusi hufunguka. Humo huandikwa dir /a, kisha Enter, nayo orodha huja bila kupitia kwa Explorer, pamoja na mafaili yaliyofichwa. (Virusi vya flashi hupenda sana kuficha mafaili ya watu.) Faili lisipokuwamo hata humo, dirisha halina kosa, ni kuuliza skana huweka wapi kazi zake. Likiwamo, Explorer ndiyo yenye kosa.

Explorer huanzishwa upya hivi: hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, huchaguliwa Explorer katika orodha inayotokea, kisha huamriwa ianze tena. Upau wa chini utatoweka kitambo na kurudi. Si jambo la kuogopa. Lakini kama kuna mafaili yanayonakiliwa, sharti kungoja yamalizike, maana kunakili kutakatika. Ugonjwa ukirudi kila siku, hufutwa historia ya Explorer katika mipango ya folda, na huondolewa njia za mkato zinazoelekea kompyuta zisizopatikana tena. Mara nyingi Explorer huzubaa ikingoja jibu la mahali pasipojibu.

Kwa karani wa steshenari, F5 moja ingetosha. Yangetokea mafaili matatu kwa mara moja, yote ya cheti kile kile. Kabla ya kufuta mawili, inampasa alifungue kila moja, kwa kuwa huenda katika mara ya tatu, kwa ile haraka yake, karatasi ilikaa upande.