Ijumaa Ofisi Zilipofungwa

Mwaka 2008, mafuta yalipopanda bei Marekani, gavana wa Utah, Jon Huntsman, alikuja na hesabu rahisi: watumishi wa jimbo wafanye kazi saa 10 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa ofisi zifungwe. Saa zile zile 40 kwa wiki, mshahara ule ule. Watumishi wapatao 17,000 waliianza ratiba hiyo Agosti.

Milango ilifunguliwa saa 1 asubuhi ikafungwa saa 12 jioni. Mwananchi aliyetoka kazini saa 11 sasa aliweza kupitia ofisini akamaliza shida yake bila kumwomba bosi ruhusa. Watumishi wengi waliipenda Ijumaa yao. Ila, tuseme ukweli, saa 10 ni nyingi kwa mzazi: mtoto atachukuliwa na nani huko shuleni?

Gharama za nishati hazikupungua kama ilivyotarajiwa, na malalamiko ya waliokuta milango imefungwa hayakukosekana. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilirudisha wiki ya siku 5, likiitengua kura ya turufu ya gavana aliyefuata, Gary Herbert.

Ubelgiji ilipita njia nyingine mwaka 2022: mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeomba wiki ya siku 4, na mwajiri akikataa hutakiwa kueleza sababu kwa maandishi.